Jini mwenye ziwa na dada wa dagaa: namna ya kuandika mapenzi ya watu wasiolingana nguvu

Wadau wa simulizi habari za saivi. Mwaka juzi niliandika simulizi ya jini wa ziwa na binti wa Kibirizi, ufukwe wa dagaa huku Kigoma, nikawa naitupa kwenye magrupu sehemu kwa sehemu, ikifika saa mbili usiku watu wananiulizia kama wanaulizia taarifa ya habari. Sehemu ya tisa jini anamchukua Zuhura, anamshusha chini ya maji mpaka kwenye jumba lake, wanaoana, mimi huku najiona nimeua kabisa. Asubuhi nafungua simu nakuta voisi ya mama mmoja anayeuza dagaa, sauti imechoka, anasema mwanangu simulizi nzuri, ila huyu binti kapenda saa ngapi, mimi nasikiliza toka mwanzo nasikia anachukuliwa tu.

Nikarudi kusoma sehemu zote tisa. Kweli bwana. Zuhura toka aanze hajatamka kitu cha maana zaidi ya "wewe nani" na "unanipeleka wapi". Nikaifuta, nikaanza upya, na haya ninayoandika hapa ndo niliyojifunza nikiwa naanza upya, kwaiyo kama na wewe unaandika mambo ya majini, wafalme, vampaya wa miaka mia tatu na wasichana wa watu, kaa hapa kidogo.

Kwanza tuelewane, sisemi mkubwa asimpende mdogo. Huo ndo utamu wenyewe, ukimtoa jini nguvu zake umebaki na kaka mmoja wa Gungu anayechelewa kujibu meseji. Swali langu mimi ni moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke: huyu mdogo akisema hapana, kesho anaamka salama na anakula? Kama jibu ni ndio, andika mapenzi yako yapae. Kama jibu ni hapana, basi unachoandika ni utekwaji, na utekwaji nao unaandikika ila usiuite mahaba, mwambie msomaji wako toka sehemu ya kwanza kwamba hii ni ya kutisha.

Hatua ya kwanza, hesabu nguvu kwenye karatasi.

Chukua daftari gawa ukurasa katikati. Kushoto nikaandika Bwana Kina, ndo jina nililompa jini wangu: ana ziwa, ana walinzi, anasoma mawazo, hafi. Kulia Zuhura: miaka 24, ana mabeseni mawili, deni la laki na nusu, mdogo wake yuko fomu two, mama anaumwa miguu. Hapo watu wengi wanaishia wanasema sawa nimeshaona nani mkubwa. Usiishie hapo, maana nguvu za uchawi ndo rahisi kuziona, zinazoumiza ni zile zingine. Nyumba wanayokutania ni ya nani? Nani anajua siri ambayo mwenzie haijui? Nani akipiga kelele kuna mtu atakuja? Na hili kwa mji mdogo kama wetu ndo kubwa kuliko yote: wakiachana, nani anaendelea na maisha na nani inabidi ahame mtaa?

Alafu rudi upande wa kulia ujaze tena, usiuache na shida tupu. Zuhura anajua kuangalia wingu akasema leo tusianike, na kweli ikinyesha dagaa wa wenzie wanaoza wake wako salama. Anajua nani anadaiwa na nani ufukweni pale. Ana shangazi mwenye mdomo. Kama upande wa kulia umekosa cha kuandika zaidi ya "mrembo", huyo binti bado hujamwandika, umeandika picha ya ukutani.

Hatua ya pili, andika tukio la kukataa kabla hujaandika la kukubali. Hata kama hutalirusha.

Hapa nitakaa sana maana hapa ndo kwenyewe. Kwa msiojua, huku kwetu dagaa wanavuliwa gizani, taa inawashwa katikati ya ziwa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unanyanyuliwa. Mwezi ukijaa ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi inakosa kazi, boti zinakaa nchi kavu siku kadhaa mpaka giza lirudi. Ukipita Kibirizi kipindi hicho cha mbalamwezi utakuta vichanja vitupu, mchanga umefagiliwa, kina mama wamegeuza mabeseni wameyakalia wanapiga hesabu kwa vidole. Ndo siku za kukopa. Na mwenye kukopesha anajua kabisa kwamba ndo siku za kukopa.

Sasa wengi wetu tunamleta jini wetu siku dagaa wamejaa, upepo mwanana, binti anacheka. Hapo kila mtu anapendeka. Mlete wakati wa mbalamwezi. Mimi nililiandika hivi:

"Nitakujazia dagaa hata mwezi ukiwa umejaa," Bwana Kina alisema.

Zuhura hakusimama kwenye beseni. "Na nikikataa?"

"Utakataa?"

"Nauliza tu. Nikikataa, hawa wenzangu giza likirudi watapata dagaa kama kawaida?"

Bwana Kina alinyamaza. Mawimbi nayo yakanyamaza.

Ule unyamavu ndo simulizi yenyewe. Mimi mwenyewe nilivyoandika sikujua atajibu nini, nikaenda kupika, nikarudi, bado. Mwisho nikamfanya aseme ukweli kwamba hajawahi kuulizwa hilo swali na hajui angefanya nini. Zuhura akakataa. Alafu nikaandika sehemu tatu nzima ambazo Zuhura amekataa na hakuna baya linalotokea, giza linarudi, dagaa wanakuja, za wenzie na zake sawasawa, Bwana Kina anaonekana mbali mara moja tu kama kivuli cha boti. Wasomaji walinitukana. Kuna mmoja aliandika admini rudisha hela zetu, na hata hela hakulipa. Ila sehemu ya nne yake Zuhura alipoenda mwenyewe ufukweni usiku akasema "upo?", aisee meseji nilizopata sijawahi kupata tena.

Kukubali kunakuwa na uzito pale msomaji ameshaona kwa macho yake kwamba kukataa kuliwezekana.

Kwa wale mnaopenda jini anayesema nipe penzi nikuachie kaka yako, au mfalme anayesema uwe wangu nikupe kazi ya ikulu, mjue tu kwamba hata kwenye sheria zetu hicho kitu kina jina lake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kifungu cha 25 inamgusa mtu mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe ajira, cheo au haki yako. Jini wako ana kesi pale, pembe zake hazimsaidii. Mwandike kama mbaya wa simulizi sawa, akiwa steringi wa kimahaba hapana.

Hatua ya tatu, angalia pumzi ni ya nani.

Hii niliigundua kwa bahati. Ziwa Tanganyika kina chake kinafika mita 1,470 hivi, duniani linazidiwa na Baikal tu, na ukishuka chini sana, tuseme ukishapita mita 200, maji hayana oksijeni, samaki hawaishi kule. Mimi nikasema safi sana, jumba la jini nitaliweka huko huko, pazuri, giza, hakuna mtu atafika. Nikaandika anampa Zuhura pumzi ya kichawi aweze kukaa chini.

Alafu ndo nikashtuka. Kila akivuta hewa anavuta kwa hisani ya mume. Wakigombana je? Mke anayegombana na mume akiwa mtaani Mwanga anachukua kitenge chake anaenda kwa mama, huyu anaenda wapi, mita elfu moja na zaidi juu ya kichwa chake ni maji matupu. Hata Bwana Kina awe mpole vipi, binti atamjibuje vibaya mtu aliyemshikia mapafu? Atacheka kila utani wake. Atasema chakula kitamu. Na wewe mwandishi utaandika "walikuwa na furaha" na utakuwa umemwandikia uongo.

Suluhisho sio lazima uwatoe chini ya maji. Weka mlango ambao funguo haiko kwa mkubwa. Mimi nilifanya pumzi inatoka kwenye shanga alizopewa na bibi yake aliyefariki, na shanga hizo jini hawezi kuzigusa. Anashuka akitaka, anapanda akitaka, na kuna siku alipanda kweli, katikati ya ugomvi, akamwacha jini na meza imeandaliwa. Nililipenda hilo tukio kuliko lile la harusi niliyoifuta. Kwa simulizi yako inaweza kuwa farasi, nauli, ndugu wa jirani, mto ambao mfalme havuki, chochote, ila tukione kinatumika angalau mara moja. Mlango usiofunguliwa mpaka simulizi inaisha msomaji anaona umechorwa ukutani.

Hatua ya nne, limbwata.

Tuwe wakweli, mwanamke akimpa mwanaume limbwata kwenye mboga tunasema kamroga, kamharibia maisha, ndugu wanatafuta mganga wa kumfungua. Ila jini akimfunga binti kwa nguvu za mapenzi, au nyota zikiamua kwamba hawa wawili wamefungwa toka mbinguni, tunasema waaaoo. Limbwata ni limbwata jamani. Na kusoma mawazo nako humo humo, maana mtu anayejua unachotaka kabla hujakisema anaweza kukuzungusha atakavyo na wewe ukadhani umeamua.

Ukitaka kuvitumia tumia, vina utamu, ila fanya hivi: kuna sehemu kile kifungo kikatike, kabisa, na tukae na yule aliyefungwa kwa muda akiwa na akili yake, akiwa na hasira kama anazo, alafu ndo aamue. Usikate kifungo leo jioni na kesho asubuhi wamekumbatiana, hapo hujakata umelegeza. Na hii ni kwa pande zote mbili, malkia mchawi anayemfunga mlinzi wake naye ahesabiwe vile vile, nimeona wadada tunajipendelea hapo.

Hatua ya tano, umri, na hapa nitapita haraka kwa sehemu moja na polepole kwa nyingine.

Haraka: mhusika wako wa mapenzi awe mtu mzima, 18 kwenda juu, bila "ila huko kwenye ufalme wao wanaolewa mapema". Hata huku kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 iliacha msichana aolewe na miaka 15 wazazi wakiridhia, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 vifungu hivyo vinapingana na Katiba, kwenye kesi aliyofungua Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono 2019. Basi.

Polepole: hata akiwa mtu mzima, jini wako ana karne ngapi? Bwana Kina alikuwepo Ujiji 1871 Stanley anamkuta Livingstone. Alikuwa chini pale Wajerumani wanaizamisha meli yao 1916 na aliitazama ikiibuliwa 1924, hii tunayoiita Liemba saivi. Zuhura kazaliwa juzi tu. Huyu jini ameshaona mapenzi ya watu elfu, anajua neno gani linamlainisha mtu, anajua ugomvi utaisha vipi kabla haujaanza. Pengo la namna hiyo huwezi kuliziba kwa kusema anaonekana kijana wa miaka 25. Litumie. Kuwe na vitu hajui. Mimi yangu hajui kudaiwa. Miaka yote hiyo hajawahi kudaiwa shilingi na mtu, kwaiyo Zuhura akimweleza kukwepa njia ya duka kwa sababu ya deni la sukari anashindwa kabisa kuelewa, inabidi amuulize, na mkubwa anapouliza kitu kwa sababu kweli hakijui, pale ndo wanakaa mkeka mmoja.

Na salamu jamani, msisahau salamu. Jini wa miaka mia nne unamwamkia au humwamkii? Wanasema shikamoo maana yake nashika miguu yako, sasa unashika miguu ya mtu unayetaka akubusu? Zuhura alimwamkia sehemu kumi na moja za mwanzo. Siku alipokuja akasema "mambo" tu, sikuandika kitu kingine, hakuna mshumaa hakuna waridi, na watu wakaelewa.

Hatua ya sita, tuma mshenga.

Nashangaa hatuutumii huu utaratibu wetu kwenye fantasi wakati ni dawa kabisa. Mshenga anafanya kukataa kuwe rahisi. Binti hamjibu mkubwa uso kwa uso, anasema kwa shangazi, shangazi anasema kwa baba, baba anamwambia mshenga "binti bado anasoma" hata kama alimaliza shule zamani, na hakuna aliyedhalilika, mkubwa anaondoka na heshima yake na mdogo anabaki na kichwa chake. Kwaiyo jini anayejitokeza chumbani usiku, dirisha limefungwa, binti peke yake, amekuja kwa njia ambayo kukataa ni kugumu kuliko zote. Mlete mchana, mlete kwa mtu, mpe shangazi nafasi ya kumkagua na kumuuliza kabila lake. Tukio la shangazi anamuuliza jini "na kwenu kuna ugonjwa wowote wa ukoo?" limenipa vicheko na pia limempunguza yule bwana kimo bila kumvua uchawi hata mmoja.

Utani nao uko hivo hivo. Mtani anamwambia mkubwa ukweli mchana kweupe na mkubwa haruhusiwi kukasirika.

Hatua ya saba, usimnyanyue mdogo kwa lifti ya ghafla.

Mnaijua hii, sehemu ya ishirini "kumbe Zuhura naye ni binti wa malkia wa majini!" Naelewa, inasisimua, ila unamwambia yule mama wa voisi kwamba muuza dagaa hapendeki mpaka agundulike sio muuza dagaa. Nguvu ya mdogo itoke kwenye kazi yake. Kuna mwenzangu wa Tabora anaandika simulizi ya ntemi mwanamke, yaani mtawala wa Kinyamwezi, na mpagazi wa kubeba mizigo, enzi za misafara ya pembe kwenda Bagamoyo, na mpagazi wake hana upanga hana ukoo, ila anajua kitu kimoja ambacho wenye misafara walikuwa wanakiogopa kweli enzi zile: wapagazi wanaweza kutua mizigo usiku wakatoroka na msafara ukabaki porini umekwama. Yule ntemi anaamka kila asubuhi anaangalia kama mzigo wake bado uko begani kwa mtu. Mpagazi hajapewa uchawi hata kidogo, na nguvu anayo.

Upande wa mkubwa, angalia anapoteza nini. Zawadi hazihesabiki, zawadi zinaongeza deni, binti aliyepewa nyumba na gari ana sababu mbili mpya za kutosema hapana. Hesabu kile ambacho akikitoa hakirudi na hawezi kukidai baadaye. Bwana Kina aliacha kusoma mawazo, na sio aliahidi kuacha, ahadi ya mkubwa nani atamshtaki akiivunja, alikikata kile kipawa mbele ya watu wake wakashuhudia. Toka siku hiyo anakosea. Anadhani Zuhura amenuna kumbe ana njaa.

Hatua ya nane ni ya simu tu, dakika ishirini. Fungua sehemu zako utafute vitenzi. Alimshika, alimbeba, alimvuta, alimpeleka, alimkalisha. Hesabu mara ngapi mdogo ndo anatendewa, alafu hesabu mara ngapi yeye ametenda: alienda, alifungua, aliuliza, aliondoka. Kwenye zile sehemu tisa nilizofuta, Zuhura alibebwa mara saba, na mara mbili alibebwa akiwa usingizini. Kutembea kwa miguu yake alitembea mara moja, kwenda kisimani, na ndo huko alikochukuliwa.

Mpya imefika sehemu ya kumi na nane. Mwezi umejaa tena, boti zimelala, deni limebaki elfu arobaini na anataka alimalize mwenyewe kabla ya kujibu posa, Bwana Kina yupo ufukweni amekaa kwenye beseni lililogeuzwa kama wenzie, anasubiri giza. Yule mama wa voisi jana kanitumia nyingine, anasema sawa, sasa huyu kijana mtafutie koti, ziwani usiku kuna baridi.